Unga Umeanguka, Safari Ipo

Mwanangu Somoe,

Hali yako sikuulizi kwa sababu nimeiona. Asubuhi ulikunywa nusu kikombe cha chai, muhogo hukuugusa, kisha ukaanza kutoa nguo kwenye begi moja moja na kuzitundika tena kwenye kamba ya chumbani. Hali yangu ndiyo nikueleze: mwili mzima, moyo mgonjwa, na ukiuona mwandiko huu umepinda usiseme baba amezeeka. Ni woga.

Wewe na mama yako mmekwenda Ufukoni kumwambia mama yako mdogo kwamba kesho husafiri tena. Niliwaona mkitoka, nikataka kuwaita, nikashindwa, maana wakati ule nilikuwa bado sijafanya lililonipasa. Sasa nimelifanya. Tiketi yako iko ndani ya bahasha hii. Kesho alfajiri unapanda basi la Songea, unalala Songea, na keshokutwa unaunganisha mpaka Mbeya. Unga umeanguka, ni kweli, sote tuliuona. Utasafiri hivyo hivyo.

Soma tena kama hukuamini. Mimi mwenyewe baada ya kuiandika sentensi ile niliweka kalamu chini nikaenda mtungini kunywa maji.

Ningeweza kungoja mrudi nikakwambia kwa mdomo, lakini unanijua baba yako. Nikiwa na neno zito naanza kuzungumzia mikorosho, na tukimaliza mikorosho naanza kuzungumzia mbuzi wa jirani. Tena nikikutazama usoni nitaghairi. Kwa hiyo nimekaa hapa barazani, mezani kwako ulipokuwa ukifungua redio mbovu za watu na kuzitengeneza, nakuandikia. Mambo ya sweta, ya kufunga begi kwa kufuli, ya kutokula mayai ya njiani, mama yako ameyamaliza na ameyarudia. Sina la kuongeza huko.

Nataka kukueleza kwa nini majuma yote haya nimekuchosha kwa habari za mabasi.

Jina lako lilipotoka kwamba umepata chuo Mbeya, ukasomee mambo ya umeme, majirani walikuja kukupongeza. Mama yako alipiga vigelegele mpaka nikamwonea huruma koo. Mimi nilichukua baiskeli nikaenda stendi. Gesi inatoka hapo jirani Msimbati, moshi wake tunaujua, taa zinawaka kwa hiyo gesi, lakini masomo yake yako kwingine, tena kwingine kwenyewe mwisho wa nchi. Nikajiambia, kama hakuna budi, angalau niijue njia.

Basi nikaanza kulinganisha. Kuna hii njia ya kusini: Masasi, Mangaka, Tunduru, Namtumbo, Songea, halafu Njombe na Makambako hadi Mbeya. Ndiyo fupi, na lami imefika kote. Lakini ukishatoka Tunduru ni pori, basi likiharibika pale mnakaa na nyani, na tembo huvuka wanapotaka wao. Halafu kuna kuzungukia Dar: Lindi, Nangurukuru, Kibiti, unalala Dar, kesho yake unashika basi la Mbeya kupitia Mikumi na mlima Kitonga. Huko mabasi ni ya kifahari, siti mbili kwa mbili, kiyoyozi, soda unaletewa kitini. Ila mvua zikitangulia, barabara ya Kilwa hukatika, na Kitonga nimesikia habari zake hata kabla sijajua iko mkoa gani. Na Dar utalala kwa nani? Treni ya kutoka Dar nilisifiwa kwamba haina kona wala haishindani na mtu, nikafurahi, kumbe ina siku zake na hazilingani na siku za chuo. Ndege niliulizia bei kwa heshima, nikaaga. Michomoko, vile vigari vidogo vinavyochomoa abiria stendi na kukimbia nao hadi Masasi, sikuvisogelea hata kuuliza.

Kila siku nikawa pale. Niliuliza magurudumu ya nani ni mapya. Niliuliza dereva gani amekwenda na kurudi siku nyingi bila ajali, na dereva gani husinzia, kana kwamba kuna mtu atakayenijibu, "Huyu hapa, mzee, huyu husinzia." Mpiga debe mmoja akanichoka.

"Mzee, kila siku unauliza, tiketi hukati. Unasafiri au unatuchunguza?"

Nikamwambia nina mtoto.

"Watoto wa wenzio wanapanda bila kuulizwa maswali yote haya, na wanafika."

Nikarudi nyumbani nikakwambia kwamba wale watu wa stendi hawana adabu. Wewe ukaniuliza, "Sasa baba, tushike njia ipi?" Nikakujibu bado nachunguza. Ulipoipenda ya Dar nikakuletea habari za wezi wa mabegi. Ulipoigeukia ya Songea nikakuletea tembo. Uliposema basi iwe yoyote, nikanuna, nikasema mtoto huyu hachukulii mambo kwa uzito.

Leo nimekaa nikalitazama jambo lile vizuri, na limenitia aibu. Sikuwa natafuta njia nzuri. Nilikuwa nataka zote zionekane mbovu, ili ubaki nyumbani bila mimi kutamka neno baki.

Ndipo ikaja habari ya unga. Kule Mbeya ukiwasimulia wenzako watakucheka au watakuuliza, kwa hiyo ni vizuri ujue namna ya kueleza. Mtu wa kwetu akitaka safari kubwa, mjomba wake, yaani kaka wa mama, huchukua unga wa mtama, akaenda chini ya mti wa msolo nyuma ya nyumba, akawataja waliokufa kwa majina yao, na akauachia unga ule upite kidogo kidogo kati ya vidole mpaka ujenge kichuguu chenye ncha. Kisha anaufunika. Asubuhi anafunua. Ukisimama, nenda. Ukianguka, kaa. Shehe wetu halipendi jambo hili na mjomba wako analijua hilo, ndiyo maana huufanya baada ya laasiri, watu wakiwa bado mashambani, na magharibi humkuti popote ila msikitini, safu ya mbele.

Nami niliwahi kumwagiwa unga. Hili hujawahi kulisikia.

Nilikuwa na umri kama wako. Mimi na rafiki yangu Bakari, mtoto wa Msimbati, tuliitwa chuo cha ualimu Songea. Wakati huo njia hii ya kusini ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na mabasi yalikuwa ya kubahatisha, kwa hiyo tulipatiwa nafasi kwenye lori lililokuwa linapeleka chumvi. Bakari alikuwa akiimba kutwa nzima. Mimi niliogopa kwa majuma. Nililiota lile lori likibiringika. Sikumwambia mtu, maana kijana wa kiume anayeogopa lori angechekwa mpaka kaburini.

Marehemu mjomba wangu akamwaga unga, akaufunika kwa ungo. Mjomba wako, kama ulivyoona, hufunika kwa chungu kizito. Mjomba wangu hakuwa mtu wa kujisumbua. Asubuhi nilidamka nikaenda pale kabla yake, na nikamkuta kuku wa bibi yako na vifaranga wake. Ungo wameusukuma kando, na kichuguu wamekichakura hadi kimelala. Nyayo za kuku zimejaa kwenye unga mweupe, mtu hahitaji macho mazuri kuziona. Nikamfukuza yule kuku, na vifaranga wakamfuata wakikanyaga hovyo unga uliobaki. Mjomba akaja, na macho yake yalishaanza kuingia mtoto wa jicho, akakuta unga umeanguka na mimi nimesimama kando.

"Umegusa?"

Nikasema sikugusa. Na kweli sikugusa.

Akasema tungoje mwezi uandame tumwage tena. Mwezi ukaandama, na chuo kikawa kimeshampa mwingine nafasi yangu. Bakari alikwenda na lile lori la chumvi. Kijiji kizima kikakaa kungoja habari kwamba limepinduka, maana unga wa mwenzake ulikuwa umeshasema. Halikupinduka. Lilifika, likashusha chumvi, likamshusha na Bakari.

Usidhani siku ile niliumia. Hicho ndicho ninachotaka ukijue. Nilifurahi. Nililala mchana kutwa, usingizi mtamu wa mtu aliyetua gunia, na bibi yako akapita akisema maskini, mtoto amekata tamaa. Maumivu yalikuja baadaye, kidogo kidogo. Bakari alikuja likizo na koti zito analotundika begani kwenye joto letu hili, anasimulia baridi ya Songea, na mimi nikaanza kumchukia mtu ambaye hajanikosea lolote. Nikawa na majibu mafupi kwake. Akinisalimu kwa simu sikukuu za Idi naitikia, namwambia mtandao mbaya, nakata.

Sisemi kwamba maisha yangu yameharibika. Nisingebaki nisingemwoa mama yako, na wewe usingekuwepo kunisumbua. Lakini sikubaki kwa ajili yake, wakati ule nilikuwa hata simjui. Nilibaki kwa sababu ya kuku, na kwa sababu niliogopa nikapata pa kujificha. Tangu siku hiyo kila lililokuja mbele yangu nililitafutia unga. Nilipoambiwa nigombee uenyekiti wa chama cha msingi, nikasema afya. Kaka yangu aliponiita twende Kilwa tukalime ufuta, nikasema mvua. Mtu akizoea kukimbia hata miguu haimwulizi tena.

Sasa njoo asubuhi ya leo.

Tulikuwa wanne pale chini ya msolo: mjomba Issa, mama yako, wewe, na mimi nyuma yenu. Mjomba akafunua chungu. Nusu ya kichuguu ilikuwa imemeguka na ncha hakuna. Akasema, "Safari haipo. Tutangoja mwezi uandame." Na chuo kinafunga kuandikisha wiki hii, yeye anajua, sote tunajua. Wewe ukasema, "Sawa, mjomba." Hukulia. Ulikuwa umeshika ncha ya khanga ya mama yako kama ulivyokuwa ukifanya ulipokuwa mdogo.

Nami nilifurahi, Somoe. Kabla ya kukuonea huruma, nilifurahi. Ilikuwa furaha ile ile ya lile lori, nikaitambua, na kwa kuitambua nikapata hofu nyingine mpya ambayo sikuwahi kuwa nayo.

Mlipoondoka pale msoloni nilipiga magoti nikatafuta nyayo za kuku. Nilitamani kuku kuliko ninavyotamani pilau. Ningemwona hata mjusi ningemkumbatia. Nilizunguka msolo wote, sikuona unyoya, wala kinyesi, wala mchwa. Alama ya chungu mchangani ilikuwa duara kamili, hakikusukumwa usiku. Unga umemeguka wenyewe. Pengine mashine ilisaga laini mno. Pengine mkono wa mjomba wako, tangu apate presha, hauwezi tena kujenga kichuguu cha kusimama. Pengine ni kweli. Sijui, mwanangu, na sitakudanganya kwamba najua.

Nikaingia jikoni. Mama yako alikuwa anakuna nazi, anaikuna kama anayelipiza kisasi.

"Utanyamaza hivyo hivyo?" akaniuliza.

"Kwa desturi kaka yako ndiye mwenye mtoto," nikamwambia. "Mimi hapa mkwe tu, nimekuja kwenu na jembe langu."

"Mimi ni dada yake, siwezi kusimama mbele yake. Wewe unaweza. Mkwe akikosa adabu watu watasema ndivyo walivyo kwao."

Unaona mama yako alivyo. Nikacheka, yeye hakucheka. Akasema, "Mtoto amezitoa nguo zote kwenye begi," kisha akaendelea na nazi yake. Nyinyi mkatoka kwenda Ufukoni, na mimi adhuhuri nikaenda kwa mjomba wako.

Nilimkuta kwenye banda lake la korosho anachambua, nzuri kulia, mbovu kushoto.

"Mlamu," akaniita, "umefuata habari ya chungu?"

Nikakaa kwenye gunia nikamweleza habari ya kuku. Sijawahi kumweleza mtu, hata mama yako. Nilimweleza ungo, vifaranga, na lile neno sikugusa. Alisikiliza akiendelea kuchambua, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, machozi yakamtoka.

"Kwa hiyo miaka yote hii tumekupata kwa ajili ya kuku!"

"Ndiyo, mlamu."

"Na leo kuku yuko wapi?"

"Leo hakuna kuku. Nimetafuta."

"Sasa wataka nini?"

"Nataka aende hivyo hivyo."

Akaacha kucheka. Akaweka korosho chini.

"Unga hauna utani. Ntoto huyu ni wangu kama alivyo wako, tena kwa desturi ni wangu zaidi. Akipatwa na jambo njiani?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema lawama nitabeba mimi, maneno ya kiume. Hayakutoka. Nilimwambia kwamba akipatwa na jambo mimi sitapona. Nikamwambia naogopa kuliko yeye, naogopa kuliko mtu yeyote wa hapa kwetu Naliendele, na kwamba unga usingeanguka bado ningeogopa vile vile, na bado naomba aende. Halafu nikalia, mwanangu, mbele ya shemeji yangu, juu ya gunia lake la korosho. Kama utasikia habari hii kwingine, ujue ni ya kweli.

Mjomba wako hakuniambia nyamaza. Aliniacha mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Nilichosema asubuhi sikirudishi mdomoni. Nimeona nilichoona. Lakini barabara si yangu, sitakwenda kuilalia."

Nikamshukuru. Akaniuliza, "Unampitisha wapi?"

"Nafikiri Dar."

"Dar!" Akapiga paja. "Atalala wapi Dar? Kwa nani? Mpitishe Songea. Huna ntu Songea?"

Nikasema ninaye. Nilipoinuka akaniita tena. "Kesho mkienda stendi mpitishe hapa. Sitasema kitu. Nataka nimwone tu."

Kwa hiyo mtapita. Usimwulize habari ya unga. Mpe mkono, akikupa kitu pokea.

Toka hapo nikampigia Bakari, ambaye alihamia Songea moja kwa moja. Nilisimama chini ya mkorosho wa mpakani, mahali ambapo mtandao huwa hauna kisingizio, nikapiga. Akapokea upesi mno.

"Kuna msiba?" akaniuliza. Unaona nilivyomzoesha.

"Hakuna msiba. Nina mgeni wako kesho jioni. Mwanangu anakwenda chuo Mbeya, naomba alale kwako."

Akauliza, "Huyo anayefungua redio?" Kumbe mama yako humweleza habari zako. Akasema atakuja mwenyewe stendi, na mkewe atakuja naye ili usiogope, na asubuhi yake atakupandisha basi la Mbeya kwa mkono wake. Halafu akasema, "Na wewe je? Au njia ya huku bado huijui?" Nilitaka kusema mtandao mbaya. Nikasema, "Siijui, Bakari. Niliogopa kuja." Yule mwalimu mstaafu akaniambia nimtumie jina la basi nikishakata tiketi.

Hivyo ndivyo nilivyochagua njia baada ya majuma yote yale. Tembo wapo palepale na pori lipo palepale. Nilichokuwa sina ni mtu wa kukupokea, kumbe nilikuwa naye siku zote nikimkatia simu.

Tiketi nimekata. Yule mpiga debe aliita wenzake waje waone. Siti yako ni ya katikati, si mbele sana wala si nyuma, upande ambao jua la asubuhi halitakuchoma. Dereva nilimwona. Ni mtu mzima, ana kitambi, anaongea taratibu, na nilimwona akiyapiga magurudumu teke moja moja kabla ya kwenda kula. Nimejipa moyo kwa kitambi chake.

Usije ukadhani nimekufundisha kuudharau unga wa mjomba wako. Ukirudi likizo ukakuta unamwagwa kwa ajili ya mtu mwingine, vua viatu, simama kwa adabu, waliotajwa pale ni babu zako. Ila ukiona kuku, sema. Hata kama kuku huyo amekuletea ulichokuwa unakitaka moyoni, sema. Mimi sikusema, na kimya kile nimekaa nacho mpaka leo nilipokitua kwenye banda la mjomba wako.

Na siku ukijikuta unalinganisha sana, hiki kina kasoro hii na kile kina kasoro ile, na siku zinakwenda hujashika kimoja, acha kwanza kuvitazama vitu. Jitazame mwenyewe ujue unaogopa nini. Nasema hivi si kwa sababu mimi ni hodari. Nimejua leo, kwa hiyo bado ni moto mkononi.

Sasa hili la mwisho, na ndilo lililonifanya nikae kuandika badala ya kukungojea mlangoni.

Kesho stendi utaniona mzima. Nitataniana na konda, nitagombana nao kuhusu begi lako kuwekwa chini ya magunia, nitakwambia kalale ukifika. Usidanganyike. Basi likishageuka kona woga wote nilioutua leo utanirudia, na utarudi na ndugu zake. Nitarudi nyumbani nitakaa na simu. Nitakufuata kwa kichwa: sasa wako Mnazi Mmoja ya Lindi, sasa Ndanda, sasa Masasi. Na Masasi najijua. Masasi bado mtu anaweza kushuka akapata gari la kurudi kabla ya magharibi. Hapo nitaona ule unga uliomeguka mbele ya macho yangu, na sitakuwa na mjomba wako wa kunikalisha juu ya gunia.

Nitakupigia. Naapa sasa kwamba sitapiga, na nitapiga. Nitakwambia nimeota vibaya. Nitakwambia mjomba amebadili neno, au mama yako presha imempanda, au chuo kimesogeza siku. Sauti yangu itakuwa ya mtu mwenye akili timamu na utanihurumia, kwa sababu una huruma, umeitoa kwa mama yako. Kama kuna jambo la kweli mama yako atakupigia yeye, na yeye hajawahi kuogopa kitu. Mimi nikipiga ni woga tu umeshika simu. Nisikilize, maana mimi ni baba yako, usinikatie. Niitikie kwa adabu. Nikikwambia shuka, Somoe, nikikubembeleza, nikilia, usishuke.

Baba yako